Rikavu ya paundi ngapi yatosha kulungu? Hiyo 55 iwache huko huko

Swali limetoka kwa kijana wa Tudor, nalifupisha: ana miaka 27, urefu futi 5 na inchi 8, aenda jimu na benchi apiga kilo 100, lakini upinde hajawahi kuushika maishani. Shemeji yake anaishi Pennsylvania, Marekani, amemwalika Novemba ya mwaka ujao wakawinde kulungu, wale wa mkia mweupe. Shemeji mwenyewe atumia kompaundi (upinde wa magurudumu) ya paundi 60, yani uzito wa kuuvuta, ila huyu kijana roho yake imependa rikavu, ule upinde usio na magurudumu ambao ncha zake zimepinda kwenda mbele. Sasa kuna mtu ana rikavu ya paundi 55 aiuza bei poa, auliza "kocha, nichukue ama paundi 55 ni kidogo?"

Kaka, si kidogo. Ni nyingi, na kwako wewe saa hii ni nyingi sana. Kwa kulungu ukinifikia kati ya paundi 40 na 45 zilizoko kwenye vidole vyako umemaliza, na pa kuanzia ni 25 au 30, usicheke. Hilo ndo jibu, kama una haraka unaweza kuishia hapo. Kama huna haraka kaa tuongee, manake najua ukitoka hapa utampigia shemeji na yeye atakwambia mimi nakutisha.

Tuanze na shemeji basi. Yeye akisema anavuta 60 hakudanganyi, lakini kompaundi ina zile gurudumu huko mwisho, ukivuta unapita pale pazito halafu mzigo unashuka wenyewe, nyingi za kuwindia zinaachia kama asilimia 80. Yani 60 yake akishafika mwisho amebeba paundi 12 tu, anaweza kukaa hapo anamngoja kulungu ageuke huku anawaza mambo yake. Rikavu haina hiyo huruma, kila inchi unayoongeza na yenyewe inaongeza, na pale mwisho unapotaka kutulia ulenge ndipo pazito kuliko kote. Kwa hivyo mtu wa rikavu ya 45 ameshikilia karibu mara nne ya anachoshikilia shemeji wakati wa kulenga. Usilinganishe namba yako na yake hata kidogo, ni vyombo viwili tofauti.

Na habari ya jimu. Kilo 100 ni kitu kizuri, mashallah, lakini benchi ni kifua na kusukuma, upinde ni mgongo na kuvuta, tena ile misuli midogo midogo katikati ya mabega ambayo watu wa jimu wengi hawaijui kama iko. Mchukue jamaa wa vyuma umpe kasia kwenye mtumbwi pale Old Town, robo saa mgongo umekufa, na mzee mkonde wa miaka 60 kando yake anapiga tu na kuzungumza. Ndo hivyo hivyo. Hiyo 55 utaivuta, siwezi kukukatalia, kijana mwenye nguvu hata siku ya kwanza ataivuta mara tano sita mbele ya marafiki. Lakini kuvuta si kulenga. Utaivuta kwa kuuelekeza mshale mbinguni halafu unaushusha, bega la mbele limepanda mpaka sikioni, mkono wa nyuma haufiki usoni, na kabla hujatulia vidole vishaachia vyenyewe kwa sababu mwili unataka kukimbia ule mzigo. Mwezi mmoja wa hivyo na ushajifunza tabia ambazo kuzitoa ni mwaka, kuna ile ya kuachia kabla hujataka kuachia, hiyo ikikuingia ni ugonjwa, imewatoa kwenye mchezo watu wazuri kabisa. Na bega likiumia ndo basi, Novemba utakwenda Pennsylvania kutalii.

Sasa namba yenyewe. Ile 55 iliyoandikwa kwenye upinde si lazima iwe 55 yako. Watengenezaji wanapima upinde ukiwa umevutwa inchi 28, hicho ndo kipimo cha wote. Wewe futi 5 na inchi 8 ni inchi 68, na kwa wengi upana wa mikono unakaribiana na urefu, ukigawa kwa 2.5 unapata kama 27 na kitu, halafu watu wa kuwinda kwa rikavu wanasimama wamejikunja kidogo na mkono unatua kwenye kona ya mdomo badala ya chini ya kidevu, kwa hivyo sitashangaa ukiwa na 26 na nusu. Kila inchi unayopungua chini ya 28 unapoteza kama paundi 2 mpaka 2 na nusu kwa pinde za uzito huu, ukizidi 28 unaongeza hivyo hivyo. Yani upinde ulioandikwa 45 mikononi mwako unaweza kuwa 41 au 42. Ndo maana nasema paundi zilizoko kwenye vidole, wala usibishane na mtu juu ya kilichoandikwa. Ile mizani ya kuning'iniza ya samaki, ukiwa nayo, utapima mwenyewe kwa dakika moja: mtu akuangalie unavuta kawaida, aweke alama kwenye mshale, halafu uvute kwa mizani mpaka kwenye alama, usome.

Kama utanunua ule mfumo wa ILF ambao limbu (zile mbao mbili zinazopinda) zinatoka na kuingia kwenye raiza (kile kipande cha katikati unachoshika) yoyote ya mfumo huo, kumbuka namba ya limbu huandikwa kwa kudhania raiza ya inchi 25, ukiziweka kwenye raiza fupi ya kuwindia ya inchi 17 au 19 zinapanda paundi kadhaa. Watu wengi hushangaa hapo.

Haya, kwa nini 40 mpaka 45 na si 55 na si 30? Sheria kwanza, manake hiyo haina mjadala. Pennsylvania upinde wa kuwindia kulungu usiwe chini ya paundi 35, na chembe (kile kichwa cha mshale chenye makali) iwe na upana wa kukata usiopungua inchi 7/8. Colorado pia ni 35. Minnesota wao 30. Kila jimbo na lake, na zinabadilishwa, kwa hivyo shemeji afungue kitabu cha mwaka huo cha Pennsylvania Game Commission asikwambie kwa kumbukumbu. Na siku moja ukialikwa Uingereza sahau kabisa, kule kuwinda kwa upinde hakuruhusiwi hata uwe na paundi mia.

Lakini sheria ni sakafu tu. Swali la maana ni nini kinamuua huyo mnyama. Risasi inaua kwa kishindo, mshale hauna kishindo, mshale unakata. Unapita kwenye mapafu yote mawili, damu inatoka na pumzi inaisha, kulungu anakimbia kidogo anaanguka, mara nyingi hata yadi 100 hazimalizi. Kwa hivyo mambo mawili ndo yanaamua: chembe iwe na makali ya kunyoa nywele za mkono, na ipite mahali pake. Paundi ni za tatu kwenye foleni. Kulungu wa mkia mweupe si nyati, ngozi yake nyembamba na mbavu nyembamba, rikavu ya 45 yenye mshale mzito na chembe ya makali mawili yasiyokunjuka inapita upande mmoja inatokea wa pili mara nyingi tu. Mfupa wa bega ni kitu kingine, ukiugonga na 45 umeharibu, na ukiugonga na 55 pia kuna uwezekano mkubwa umeharibu, kwa hivyo zile paundi kumi hazikuokoi na shoti mbaya, na shoti mbaya ndo mtoto wa paundi nyingi.

Kwa hesabu: rikavu ya 45 yenye mshale wa greini 450 (greini ndo kipimo cha uzito wa mshale, 450 ni kama gramu 29) inatoa kama futi 165 kwa sekunde, hapo nguvu ya mshale ni kama futi-paundi 27. Easton, wale wa mishale, wana jedwali lao ambalo kulungu wamewekewa 25 mpaka 41. Uko ndani. Ukiwa na 40 unachungulia mlangoni tu, inafanya kazi na imeangusha kulungu wengi, lakini ndo maana mimi mwili ukikubali napendelea 45. Ukichukua 55 utafika kama futi 180 kwa sekunde. Sasa sikiza hii, watu husema upinde mzito ni lazima kwa sababu kulungu akisikia uzi unalia anashuka chini mshale unampita juu. Kweli anashuka. Kwa yadi 20 mshale wa futi 165 unachukua sekunde 0.36, wa futi 180 unachukua 0.33. Sauti yenyewe inaruka zaidi ya futi 1,100 kwa sekunde, ishafika zamani. Hizo sehemu tatu kwa mia za sekunde ndo umezilipia na bega lako. Dawa yake ni upinde uliotulia kelele, mshale mzito ambao unameza nguvu ya upinde badala ya kuiwacha igeuke kelele, na kukaribia. Yadi 15, 20 basi. Rikavu ni silaha ya kukaribia, asiyependa kukaribia achukue kompaundi kama shemeji.

Najua kuna mtu atasema "mbona wazee wetu". Ni kweli, hapa nyuma yetu tu, Galana na Tsavo, Waata walikuwa wakivuta pinde za zaidi ya paundi 100, ukimpa mtu wa jimu leo hasogezi. Lakini wale walikuwa wanawinda ndovu, ngozi ile si ya kulungu, na mshale ukishaingia kazi iliyobaki inafanywa na sumu ya msunguti. Wewe huna ndovu, huna sumu, na hukuanza utotoni. Tusiwatumie wazee kununulia vitu.

Basi mpango. Una zaidi ya mwaka, huo ni muda mzuri sana, wengi huniuliza ikibaki miezi miwili. Usinunue upinde wa kipande kimoja, nunua ule wa kufunguka ambao unabadilisha limbu na raiza inabaki ile ile, Samick Sage ni mfano wa bei ya chini ambao umewafundisha watu wengi duniani, inchi 62, limbu zake zinakwenda kwa ngazi za paundi tano tano kuanzia 25. Anza na 25 au 30. Kwanza jua jicho lako lipi ndo bwana, nyoosha mikono tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama saa ya ukutani kupitia lile tundu, funga jicho moja moja, lile ambalo saa inabaki ndilo, na ukivuta uzi mkono uwe wa upande huo. Halafu miezi mitatu ya mwanzo usiangalie unapata wapi, simama karibu na boksi la shabaha, hata yadi 5, fanya fomu tu. Mishale 40, 50 kwa siku, siku tatu nne kwa wiki, inatosha, si mia mbili Jumapili moja halafu wiki nzima unajipaka Vicks.

Kupanda ngazi ni paundi tano tano, usiruke. Na usipande kwa kalenda, panda kwa mwili. Mtihani wangu ni huu: kaa kwenye kiti, nyanyua miguu yote miwili isiguse chini, vuta upinde moja kwa moja mbele bila kuuinua juu na bila kujikunja. Ukishindwa, huo upinde si wako bado. Ukiweza, ushikilie sekunde 10 mkono wa mbele usitetemeke, halafu urudishe polepole bila kuachia (na usiachie upinde mtupu hata siku moja, usio na mshale, nguvu yote inarudi kwenye limbu zinapasuka). Fanya hivyo mwisho wa mazoezi, umechoka, sio mwanzo. Ukipita wiki mbili mfululizo, ongeza. Mtu wa nguvu zako kwa kawaida 35 ni miezi mitatu minne, 40 kuendelea ni miezi sita hadi tisa, na ukifika Agosti ya mwaka ujao uko 40 na 45 inakusumbua, baki 40. Silaumu mtu aliyebaki 40 na anapiga sahani, namlaumu aliyefika 50 na anapiga ukuta.

Sahani, ndio. Kuanzia mwezi wa sita chukua sahani za karatasi za harusi, inchi 8 au 9, hiyo ndo karibu ukubwa wa moyo na mapafu ya kulungu. Bandika, rudi nyuma. Umbali wako wa kuwinda ni ule ambao mshale wa kwanza kabisa, kabla hujapasha mwili, unaingia kwenye sahani kila siku. Mshale wa kwanza tu, wa pili kulungu hakungojei. Kama ni yadi 14 basi ni yadi 14 na shemeji akupangie mahali pa yadi 14.

Halafu baridi, hiki ndo kitu watu wa Mombasa hatukijui kabisa. Huku unavuta na fulana, digrii 30, misuli imelegea yenyewe. Kule Novemba asubuhi nyasi zina barafu, umekaa juu ya jukwaa la mtini masaa matatu huna ruhusa hata ya kujikuna, umevaa jaketi nene, ndo kulungu anatokea na wewe uvute mara moja, taratibu, umekaa, bila kelele. Upinde unaouvuta vizuri hapa kwenye jua pale unakuwa na paundi kumi zaidi, si kwenye mizani lakini mwilini. Ndo maana uwe na akiba, namba ya kuwindia iwe chini ya ile ya mwisho unayoiweza. Na jaketi, mkono wa upande wa upinde uzi unaupiga, mshale unakwenda vichochoroni, nunua kile kikinga mkono kirefu na ufanye mazoezi umevaa jaketi hata kama majirani watakuona umerukwa na akili.

Mishale nisiseme sana. Paundi zikibadilika ugumu wa mshale nao unabadilika, ile namba ubavuni, 500 au 700, ni mshale ulivyopinda kwa elfu za inchi uliponing'inizwa uzito kama gramu 880, kwa hivyo namba kubwa ni mshale laini. Kwa 30 utaanza na laini kama 700 au 800, ukifika 45 wengi huishia kwa 500, uwache mrefu kwanza ukate baadaye. Uzito, greini 10 kwa kila paundi ndo usikosee.

Upinde usiuache kwenye buti la gari, kwa jua la Mombasa gundi ya limbu inalegea na limbu inajipinda. Ukimaliza toa uzi, na kuuvalisha tumia ile kamba yake maalum, sio kwa goti.

Na hapa nyumbani ni boksi na sahani tu. Kuwinda Kenya kumepigwa marufuku tangu 1977, kwa hivyo asije mtu akakwambia twende tukajaribu paa kule Shimba Hills, hiyo ni kesi. Chembe za kuwindia zinunue huko huko Pennsylvania, hapa tumia za mazoezi zenye uzito sawa na hizo.

Uliniandikia pia mwisho kabisa kama nyama italika. Mimi si shekhe, lakini watu wengi wanaijua hadithi ya Adiy bin Hatim, kilichotobolewa na makali kula, kilichopigwa kwa ubapa usile, na bismillahi ni wakati unaachia mshale. Ukimkuta bado yuhai unamchinja. Mengine muulize imamu wako, mimi nimefurahi tu kwamba hata hapo chembe butu haina nafasi.

Kwa shemeji, mwambie akushughulikie mafunzo ya uwindaji mapema, Pennsylvania anayekata laisensi mara ya kwanza lazima ayapitie, na msimu wa mishale kule unaanza mapema Oktoba, si Novemba, kwa hivyo kama likizo inaruhusu sogeza tiketi mbele, angalau ukute baridi haijakomaa. Huyo wa 55 mwambie asante. Ukipata raiza na limbu za 25 au 30 nirekodie video, simu iwe ubavuni kwako usawa wa bega, mishale mitatu, usichague ile mizuri.